Zamu ya Mke wa Dobi

Barua ilimwita marehemu aje ofisini mwenyewe, na kitambulisho chake, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipofika, ilisema, kadi yake ya maji itafutwa na nyumba yake itaondolewa kwenye orodha ya bomba la mtaa.

Binti aliisoma akiwa amesimama kati ya kamba mbili za nguo, mikono bado ina povu. Alipofika kwenye jina la mama yake alilisoma polepole, akaendelea mpaka kwenye muhuri. Baba yake, dobi, alikuwa anakamua koti jeupe la zahanati. Hakuacha. Alilikamua mpaka likakosa tone la kutoa, akalikung'uta mara moja, likalia kama kofi.

"Rudia hapo kwenye jina," alisema.

Binti akarudia.

"Sasa ndiyo wanamwita. Alikaa kwenye benchi lao tangu kulipopambazuka mpaka alasiri, kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa, hakuna aliyemwita. Leo ana miezi kumi na minne kaburini, wanamwita kwa barua. Tena aje mwenyewe!"

"Hawa ni wa maji, baba," alisema mama mkwe wake, ambaye alikuwa kwenye kigoda mlangoni akichambua vifungo. "Wale walikuwa wa zahanati."

"Mama, hao wote ni watu wamoja. Wanabadilisha milango tu."

Mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa amekaa kwenye ngazi, daftari magotini. Alitoka chuo kikuu, mtafiti wa jinsi watu wanavyoishi pamoja, na alikuwa amepanga pale kwa miezi sita. Mtaa haukuhangaika na cheo chake. Kwa kuwa kila alichokiona alikiulizia sababu, walimwita Bibi Kwanini, na watoto walikuwa wakimwona kwa mbali wanaimba, "Kwa nini, kwa nini!" mpaka naye anacheka. Dobi peke yake hakucheka. Siku ya kwanza alimwambia, "Kodi lete, maswali kaa nayo. Sisi si kuku wa kutazamwa wanavyolala."

"Kwa nini wamemwandika yeye?" mtafiti aliuliza sasa, taratibu.

"Muulize Mama Pacha," alisema binti, kisha akatamani kumeza ulimi.

Ilikuwa hivi. Bomba la mtaa lilifunguliwa asubuhi tatu kwa wiki, na mtu mwenye shughuli zake hakuweza kusimama pale saa nne nzima akingoja maji yakohoe kwanza ndipo yatoke. Kwa hiyo zilisimama ndoo. Kila mtu zamu moja, kila zamu ndoo mbili, na mwenyewe anakwenda kumwogesha mtoto au kufungua kibanda chake. Sharti lilikuwa kwamba foleni ikisogea, wa nyuma asogeze ndoo za aliye mbele yake. Na akitokea mtu wa kuuliza, amtaje mwenyewe na kumdhamini. Kwa miaka mingi hapakuwa na msimamizi, wala ndoo iliyopotea.

Mwezi uliopita karani wa maji alikuja kuandikisha watu ili wapewe kadi, kila nyumba kadi moja, kwa jina la mtu mzima aliyekutwa bombani. Jua lilikuwa kali. Karani alipita chini ya mwavuli akigonga ndoo kwa kalamu. "Hizi?" Wa nyuma anataja jina, naye anaandika. "Hizi?" Anaandika. Alipogonga ndoo mbili za bluu zilizosimama mbele ya Mama Pacha, Mama Pacha alimtaja mke wa dobi, kama alivyozoea kumtaja kila asubuhi ya maji, akarudi kwenye soga zake. Alipogutuka, karani alikwisha kufika kwenye ndoo ya ishirini na hageuki nyuma.

Kwa nini ndoo za marehemu zilikuwa bado kwenye foleni, dobi hakuwahi kujiuliza. Aliona maji yanafika nyumbani, ikamtosha.

*

Jumanne alivaa shati lake la kwendea watu, akaenda na cheti cha kifo mfukoni.

Karani alikuwa kijana mwenye kucha safi. Alimtazama dobi kuanzia kichwani mpaka kwenye magoti ya suruali, ambayo hayakauki kamwe kwa mtu wa kazi ile, akasema, "Ngoja kwanza." Akatandika gazeti kwenye kiti kama anayemkalisha mtoto asiyejua choo. "Haya, mzee, kaa."

Dobi alikaa. Gazeti lilitoa sauti. Juu ya meza palikuwa na jagi la maji lililofunikwa kitambaa, na bilauri moja.

"Mkeo yuko wapi?"

Dobi alisukuma cheti mezani. Karani akasoma, akageuza nyuma kama kwamba habari nzuri zaidi ingekuwa upande wa pili.

"Kwa hiyo mmeandikisha maiti."

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Mimi naandika ninachoambiwa. Mlitaka kadi mbili, sivyo?"

"Hatuna hata moja."

Karani alishusha sauti. Mkuu wake alikuwa anataka maelezo, imekuwaje mfu aingie kwenye orodha. Lazima apelekewe mtu. "Aliyetoa habari za uongo anaondolewa bombani mwaka mzima, yeye na nyumba yake. Nitajie aliyemtaja mkeo, na wewe jina lako linaingia, kadi unaondoka nayo. Usiponitajia, mwongo ni wewe. Na wewe, mzee, ni dobi. Dobi bila maji ni nini?"

Jina la Mama Pacha lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Kweli kabisa, angelisema. Lakini simu ya karani ililia, karani akaiangalia, akaruka kama aliyekalia kaa la moto, akamwashiria dobi mlango. "Ndiyo, mkuu. Ndiyo, bosi. Ijumaa, mzee, Ijumaa! Si wewe, bosi."

Dobi akatoka. Gazeti lilimganda nyuma, akatembea nalo mpaka nje, ambako mwanamke mmoja kwenye benchi alimwambia kwa huruma, "Kaka, umevaa habari."

*

"Nitamtaja," alisema jioni ile, kabla jua halijazama, mbele ya makoti arobaini yaliyokuwa yanangoja maji ya kesho. "Sikumtuma aseme. Mdomo wake, mzigo wake."

"Ana watoto wawili wadogo," alisema mama mkwe. "Anawaogesha kwa mate?"

"Na mimi nina nini, Mama? Nina watoto wa kambo hapa? Nikikosa maji, zahanati inatafuta dobi mwingine kesho kutwa. Unajua ninavyojisikia nikifua makoti haya? Kila koti najiuliza, ni la yule aliyepita mbele ya benchi la mke wangu bila kugeuka? Nafua hivyo hivyo, natia buluu ya kung'arisha, nanyoosha kola. Kwa sababu mnakula. Sasa na kazi hiyo nayo niiache?"

Akamgeukia mpangaji.

"Mwalimu. Wewe siku ile ulikuwepo. Uliandika kila kitu. Lete daftari, twende nalo Ijumaa, lisomwe nani alisema nini."

"Siwezi, baba."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Niliwaambia watu wote wa mtaa huu kwamba wanayoniambia hayatafika ofisi yoyote. Nikilipeleka kwa ajili yako leo, kesho litapelekwa dhidi yako."

Dobi alicheka kicheko kibaya. "Ndiyo maana sikuwapenda tangu mwanzo, ninyi wa vitabu. Mnakula maneno ya watu mpaka mnashiba, shida ikija mnafunga daftari. Umekaa miezi sita kwenye ngazi yangu. Umejifunza nini? Niambie jambo moja tu ulilojifunza."

Mtafiti hakuwa mtu wa kukasirika haraka, lakini safari hii sauti ilimpanda.

"Nikuulize mimi kwanza," alisema. "Nyumbani kwako siku ya maji zinaingia ndoo ngapi?"

"Nne."

"Mtu mmoja zamu moja, zamu moja ndoo mbili. Anayekwenda bombani hapa ni binti yako peke yake. Hizo mbili nyingine anachota nani?"

Dobi akamtazama binti yake. Binti akatazama beseni tupu.

"Siyo mimi, Baba," alisema. "Mimi siruhusiwi kuchota zaidi ya mbili. Za mama wanajaza wao."

"Wao nani?"

"Yeyote aliye nyuma. Mama Pacha. Fundi viatu. Muuza mkaa. Siku nyingine mtu simjui hata jina. Tangu wiki ile ile ya msiba. Nilizipanga kwa kuzoea tu, zangu na za mama, nikaanza kulia, nikataka kuzitoa. Wakaniambia acha, zitasogea. Zikasogea."

"Mbona hukuniambia?"

"Mama akitajwa unatoka nje, Baba."

Ilikuwa kweli, na alikuwa amekwisha kunyanyuka nusu. Akakaa tena.

Mama mkwe akaona amsaidie kwa namna yake. "Huyu mwanangu wa vitabu," alisema akimwonyesha mtafiti kwa kidole, "wiki ya kwanza alidhani tunampelekea mzimu maji. Kaja ananiuliza kwa heshima zote, 'Bibi, marehemu anakunywa saa ngapi?' Nilicheka mpaka meno yangu mawili yakaniuma."

"Niliandika kurasa nne," mtafiti alikiri. "Juu ya watu na mizimu yao. Nilizichana." Akafungua daftari mahali palipokunjwa. "Hili halimtaji mtu, naweza kulisoma. Ni langu mwenyewe."

Akasoma, kwa sauti ya chini, akirukaruka mistari:

"Nimekaa kwenye mitaa mitatu ya nchi tatu nikiangalia watu wanavyongoja. Kwingine mwenye nguvu anatangulia, kwingine mwenye umri. Nilifundishwa kwamba mtu hutoa ili naye apewe, kama si leo basi kesho, kama si kitu basi sifa. Nimeitafuta faida hiyo hapa na sijaiona. Marehemu hatarudisha. Mgane wake hata salamu haitikii. Nimewauliza wote. Mmoja anasema mkono umezoea. Mmoja anasema ukiruka zamu moja foleni yote inaoza. Mmoja kanijibu kwa swali: wewe ungezipita? Nimekaa na swali hilo siku sita. Nadhani nilikuwa nautafuta ubinadamu ndani ya mtu mmoja mmoja, kama punje ndani ya ganda, na nikikosa nasema watu ni wabaya. Labda haumo ndani ya mtu. Labda uko pale katikati, mahali mmoja anaposogeza cha mwenzake kwa sababu foleni imesogea."

Alifunga. "Hilo ndilo jambo moja," alisema.

Dobi alitazama makoti. Ndoo mbili mara tatu kwa wiki, kwa miezi kumi na minne. Hakuwa mtu wa hesabu, lakini alijua uzito wa ndoo moja mkononi. Maji yale alikuwa ameyamwaga kila siku akiwatukana watu wote waliobaki hai.

"Mgane wake hata salamu haitikii," alirudia. "Umeliandika hilo."

"Nimeliandika."

"Haya."

*

Mama Pacha alikuwa anawasuka watoto wake wawili kwa zamu, mmoja akilia kwa kusukwa na mwingine akilia kwa kungoja. Alipomwona dobi mlangoni alishika chanuo hewani.

"Makubwa! Shemeji, umepotea njia?"

"Habari za hapa, shemeji."

"Nzuri. Subiri, rudia, watoto wasikie. Mwaka mzima napiga salamu ukutani, leo ukuta umeitika."

Dobi alivumilia. Alikuwa amestahili. Akaambiwa akae, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, bila gazeti.

"Najua kilichokuleta," alisema Mama Pacha. "Mimi ndiye niliyemtaja. Ijumaa naenda mwenyewe. Usijisumbue."

"Watakutoa mwaka."

"Nitakunywa mvua."

"Usiende."

"Nisiende vipi, nawe upoteze kazi yako? Wewe nenda kachukue kadi, shemeji. Usijifanye shujaa, huna mwili huo."

Dobi aligeuza mikono yake iliyokunjamana kwa sabuni. Kulikuwa na jambo lililomkaa kooni tangu jana. "Ninyi mlikuwa marafiki sana, wewe na mke wangu? Mimi sikujua."

"Nani? Marafiki!" Mama Pacha aliachia kicheko, na mtoto akaponyoka. "Tulikuwa tunagombana kila siku ya Mungu. Alinimwagia maji mara mbili. Mara moja alinistahili, nasema kweli, ya pili alinionea."

"Basi kwa nini ulikuwa unamjazia?"

"He! Na wewe umeambukizwa na mpangaji wako!" Akamkamata mtoto, akambana katikati ya magoti. Kisha akajibu akiwa ameinamia kichwa kile kidogo, bila mzaha. "Siku ile ya kwanza mtoto wako alisimama pale na ndoo za mamaye, anatetemeka. Nikasema leo tu. Kesho yake nikasema leo tu. Shemeji, hakuna siku niliyopanga kesho."

*

Ijumaa saa nne, ofisi ilikuwa imejaa. Wenye shida za kadi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wengine wamechuchumaa ukutani, na mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Safari hii mkuu mwenyewe alikuwepo, mtu mzito mwenye miwani iliyoning'inia, na karani alisimama kando yake amenyooka kama fimbo ya pazia.

"Huyu ndiye?" mkuu aliuliza. "Haya, mzee. Taja jina tumalize."

"Sitaji," alisema dobi.

"Basi mwongo ni wewe."

"Sikuwepo bombani siku hiyo. Niandike mimi kama unataka, lakini nina swali moja." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na hilo likamkasirisha, na hasira ikainyoosha sauti. Kule nje kwenye benchi alikuwa amemwona Mama Pacha, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, amekuja licha ya yote. "Kijana huyu alitumwa kuandika watu au ndoo?"

"Watu, bila shaka."

"Mke wangu alimwona?"

Karani akasema, "Nilitajiwa—"

"Sikukuuliza ulitajiwa nini. Ulimwona uso? Yule alikuwa mweusi au maji ya kunde? Mrefu, mfupi? Nambie, maana mimi nimekwisha kuanza kumsahau, ningeshukuru."

Dobi akashika ukingo wa meza.

"Uligonga ndoo kwa kalamu. Pale kwetu ndoo zinasimama, watu wako kazini. Nusu ya waliomo kwenye orodha yako hukuwaona. Ukitaka waongo, sisi sote waongo, kila mmoja alimtaja wa mbele yake. Kama ulipaswa kuhesabu watu, kwa nini ulihesabu ndoo?"

Nje mtu akacheka. Kisha fundi viatu, aliyekuwa kwenye benchi kwa shida yake mwenyewe, akasema kwa sauti ya kutosha, "Hata mimi nilikuwa kibandani! Na kadi ninayo!" Mwingine akadakia, "Mimi nilikuwa nimelala!" Kicheko kikapita benchi hadi benchi mpaka ukutani.

Mkuu hakucheka. Alivuta orodha, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya majina mia mbili na kitu, na kila mtu aliona anachokihesabu. Orodha hiyo ilikwisha kwenda juu, imesainiwa kwa mkono wake kwamba kila uso ulionekana. Alimtazama karani mtazamo ambao karani angeukumbuka.

"Ni kosa la uandishi," alisema hatimaye, akitafuta rula. "Makosa ya uandishi hutokea. Nyumba ni ile ile, tunabadilisha jina tu. Mzee, huyu tumfute?"

Rula ilikuwa imelazwa chini ya jina. Kalamu ikangoja. Wakubwa wana namna yao ya kukuomba ruhusa pale tu ambapo ruhusa inauma.

"Mfute," alisema dobi.

Mstari ukapita. Juu yake wakaandika jina lake, akatia dole gumba, akapewa kadi ingali na harufu ya gundi. Hakuna aliyemwomba radhi. Hakuwa ameitegemea.

Mtafiti alikuwa anamngoja nje. Hakushika daftari.

"Utaliandika hili," alisema dobi.

"Ukiniruhusu."

"Andika. Ila usiandike kwamba sisi ni watu wema, wakasoma huko wakasema ah, hawa wana mioyo mizuri, hawahitaji mabomba. Andika kwamba ofisi ilihesabu ndoo."

"Nitaandika yote mawili, baba."

Dobi akafikiri. "Haya. Yote mawili."

Mama Pacha alikuwa bado kwenye benchi, tayari kwa vita ambavyo vimekwisha. Dobi alisimama mbele yake na kadi mkononi. Ahsante lilikuwa neno dogo, alikuwa amewahi kuwaambia wateja maelfu, lakini lilikataa kupita.

"Shemeji, lete nguo za watoto," alisema.

"Za nini?"

"Nizifue."

"Bure?"

"Nimekwambia lete."

Akazileta alasiri ile ile, na siyo za watoto peke yake: mapazia mawili, foronya, ovaroli ya mumewe iliyoshiba grisi. Nyuma yake akaja fundi viatu na aproni tatu, kwa sababu alisikia. Kisha muuza mkaa, amekumbatia shuka ambalo hakuna aliyeweza kukisia rangi yake.

"Hili lilikuwa jeupe," alisema muuza mkaa, kwa aibu kidogo.

"Lini?" aliuliza dobi. "Kabla hujazaliwa?"

Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu. Dobi alilalamika. Alilalamika juu ya grisi, juu ya watu wasiojua kupekua mifuko, juu ya sabuni inavyopanda bei huku wanaopandisha wakifuliwa na wengine. Alikunja mikono ya shati huku akilalamika, akavuta beseni kubwa kuliko yote, akamwambia binti amsaidie upande wa pili. Shuka la muuza mkaa alilitia la kwanza. Maji yakageuka meusi papo hapo, akayamwaga, akatia mengine.